Celestine na Kitabu cha Nane

Ukitaka kumjua Celestine Kemuma wa Magwagwa, mwangalie midomo. Akimsikiliza mtu, midomo huanza kubenuka polepole, na kabla hujamaliza unachosema umeshajua kwamba mbele yake huna akili. Alimbenulia mdomo mhubiri aliyekuja na viatu vyeupe wakati wa matope. Alimbenulia mdomo karani wa kituo cha kuuzia majani chai, kwa sababu eti anapima magunia ya watu huku anatafuna muwa. Mumewe, Manasseh Ochoki, alianza kubenuliwa mdomo wiki ya harusi, akazoea.

Lakini usinielewe vibaya, si mwanamke mvivu wala mchawi. Anaingia kwenye chai umande haujakauka, kikapu mgongoni, na vidole vyake vinachuma haraka kuliko vya wasichana wawili wa kuajiriwa. Manasseh mwenyewe ni shemasi wa Wasabato. Shamba lake lote ni chai, na chai yenyewe haigusi kwa mdomo, ati kanisa halipendi. Kwa hiyo nyumba imezungukwa na chai pande zote, na mgeni akiingia anapewa uji wa wimbi. Celestine anaona huo ni upuuzi mtupu, anausema waziwazi, halafu anaenda jikoni kukoroga uji.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukibenulia mdomo maishani, nacho ni kukariri.

Alizaliwa Marani, na huko Marani ndiko alikopata ugonjwa huo. Wasabato wana desturi yao. Watoto hupewa fungu moja la Biblia la kukariri kila wiki, na robo ya mwaka inapoisha, Sabato ya kumi na tatu, husimamishwa mbele ya kanisa zima wakayatoe yote. Wenzake walikuwa wakifika katikati wanatazama dari, wanavuta sketi, wanalia. Celestine alisimama wima na kuyamwaga yote mfululizo, bila kumeza mate. Kanisa likasema Amina. Na mtoto aliyemaliza bila kukwama alisogezwa darasa la mbele palepale, kwenye benchi la wakubwa. Hakuna aliyemwuliza hata siku moja mafungu hayo yanasema nini. Akakua akijua kwamba mtu anapanda kwa kukariri. Alikariri shule ya msingi, akakariri sekondari, mpaka mtihani wa kidato cha nne ulipomuuliza mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari lake. Alama aliyopata haitaji mpaka leo. Ukimchokoza atakwambia waliotunga mtihani ule walikuwa wajinga.

Basi akaolewa Magwagwa, na Mungu akampa mtoto mmoja tu, Lavender. Na kwa mtoto huyo Celestine alikuwa dhaifu kama sisi wengine.

Lavender alilelewa na nyanya yake, mama yake Manasseh, kwa lugha ya kwao, Ekegusii safi cha jikoni. Kiswahili alikutana nacho shuleni, kama watoto wengi wa huku. Lakini baba yake hakuridhika na shule ya karibu. Wenye pesa zao walikuwa wanapeleka watoto shule ya bweni ya kibinafsi, yenye ukuta uliochorwa twiga na basi la njano, na Manasseh naye akaona asibaki nyuma. Shule hiyo ilikuwa na kibao. Kipande cha mbao chenye kamba, na mtoto akinaswa anasema Ekegusii, anavikwa shingoni. Anakivaa darasani, anakivaa akila, mpaka amnase mwenzake na kumvika yeye. Wenyewe waliita hiyo nidhamu ya lugha. Hao watu wazima waliosomea ualimu, wakakaa kikao, wakaona mbao shingoni mwa mtoto ndiyo itamfundisha Kiswahili. Ala!

Lavender hakuwa na moyo wa kunasa wenzake. Kwa hiyo kibao kikawa chake. Naye akapata dawa yake mwenyewe, akaacha kusema. Hakusema Ekegusii, hakusema Kiswahili, hakusema kitu. Likizo alikuja nyumbani akitikisa kichwa. Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Mama yake akadhani ni maringo ya shule ya bweni, akambenulia mdomo kidogo.

Mpaka siku ile walipokuwa wakiipua sufuria, maji ya moto yakamwagikia Lavender mguuni. Mtoto wa watu hakupiga yowe. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akaziba kwa nguvu, macho yamemtoka, machozi yanatiririka juu ya vidole. Celestine aliona kiganja kile akasahau hata kutafuta maji baridi. Wiki iliyofuata alipanda mpaka shuleni, akachukua sanduku na godoro la mwanawe, na alichowaambia walimu wa pale siwezi kukiandika hapa.

"Sasa nani atamfundisha?" Manasseh aliuliza.

"Mimi."

"Wewe?"

"Unataka nimwite ng'ombe? Nimesoma mpaka kidato cha nne, Baba Lavender. Wewe ulifikia wapi?"

Manasseh hakukubali. Alimpigia simu kaka yake mkubwa, Ongeri, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye katika ukoo ule neno lake kuhusu shule ndilo la mwisho. Wakapatana hivi. Mtoto asomee nyumbani mpaka likizo ya Agosti. Agosti Ongeri aje amwone kwa macho yake. Akisema abaki, atabaki. Akisema arudi bweni, atarudi, na Celestine asifungue mdomo. Celestine alikubali haraka. Alimjua Ongeri. Ni mtu wa kuonyeshwa kitu kikubwa akapigwa na butwaa, basi.

Hapo ndipo habari ya kitabu ilipoanza.

Hesabu na sayansi hazikumsumbua sana, mtoto alizijua. Tatizo lilikuwa sarufi ya Kiswahili. Kuna mfululizo wa vitabu vya sarufi, kila gredi na chake, na kwa umri wake Lavender alikuwa wa gredi ya saba. Lakini ni kitabu kipi hasa? Magwagwa nzima ikawa na maoni. Hata jirani ambaye hajui kitabu kinafunguliwa upande gani alisimama kwenye ua kushauri.

Aliyekuja na ushauri wa maana alikuwa Bochaberi, dada yake Manasseh, mwalimu katika shule ndogo ya kutwa kule Nyacheki. Celestine alikuwa hampendi Bochaberi kwa sababu nyingi, ya kwanza ikiwa kwamba Bochaberi alifaulu kidato cha nne. Alikuja Jumapili moja, amebeba mkate na kitabu chembamba cha jalada la njano. Akaketi na Lavender nyuma ya jiko, akamwambia amweleze kuhusu ndama aliyezaliwa. Lavender akatazama chini. Akampa kalamu na karatasi, aandike basi. Lavender akaandika neno moja, "Ndama," akalitazama muda mrefu, akaifunika karatasi kwa mkono.

Bochaberi aliingia sebuleni akaweka kile kitabu cha njano mezani.

"Wifi, huyu aanze na hiki."

Celestine alikitazama. Kilikuwa kitabu cha nne.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha Lavender. Si kwamba hana akili. Mtoto ana hofu, hana hata sentensi moja ya kwake. Aanze na sentensi fupi, azitunge mwenyewe, moja, mbili kwa siku. Hiki kinaenda polepole. Akizoea, vingine atavimaliza mbio."

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu?" Midomo ilishaanza safari yake. "Akae na kitabu cha vitoto vinavyotoa kamasi? Watu wa kanisa wakija wakikiona hapa mezani nitasema ni cha nani, cha paka?"

"Unamchagulia mtoto au unawachagulia watu wa kanisa?"

"Wifi, kunywa uji wako. Nyacheki ni mbali, utachelewa gari."

Bochaberi alikunywa uji wake akaenda. Kitabu cha nne alikiacha, na Celestine hakukitupa, kwa maana si mtu wa kupoteza vitu. Meza ya sebuleni ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Alikiingiza chini ya mguu huo, akaisukuma meza kwa kidole, haikuyumba.

"Angalau kimepata kazi," akasema.

Siku ya pili alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa akashuka Kisii mjini, kwenye duka la vitabu la Warsame.

"Mtoto yuko gredi gani, mama?" Warsame akauliza.

"Ya saba. Lakini nipe cha nane."

"Maashallah. Ana kichwa kizuri basi."

"Kichwa amekitoa kwangu."

Warsame ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hamgombezi mteja anayetaka kitabu kinene. Alikifunga vizuri kwa gazeti. Celestine akapanda nacho mpaka Magwagwa amekipakata mapajani, jalada likitazama nje ya karatasi kidogo, watu wasome.

Na kazi ikaanza. Jamani, kazi gani! Alimfundisha mtoto sarufi kama mafungu ya Sabato. Asubuhi kabla ya kuchuma chai anamsomea kipande, Lavender anarudia. Jioni wanapopika mboga ya chinsaga Lavender anakitoa chote bila kutazama. Na hapa ndipo mtu anapaswa kumhurumia Celestine hata kama hataki. Mtoto aliyekuwa bubu nyumbani mwake alianza kutoa sauti! Celestine yuko kwenye migomba anasikia kutoka jikoni, "Kitenzi kisaidizi ni kitenzi kinachotangulia kitenzi kikuu na kukisaidia kukamilisha maana," sauti nzuri, kavu, isiyotetemeka. Alisimama na panga lake mkononi akafuta macho kwa leso. Akaona ameponya.

Lakini muulize, "Lavender, umekula?" Atatikisa kichwa.

Celestine aliliona hilo. Asikudanganye mtu kwamba hakuliona. Aliliona na kulisukuma pembeni, kama anavyosukuma kila kitu kisichompendeza. Mwishoni mwa kila sura ya kitabu cha nane kulikuwa na mazoezi, "Tunga sentensi zako mwenyewe kuhusu," na kadhalika. Aliyaruka yote.

"Mazoezi ni ya wale wasioelewa," alimwambia mtoto. "Wewe umeshajua."

Lavender akatikisa kichwa.

Sabato ya kumi na tatu ya robo ya pili ilipofika, Lavender alisimama mbele ya kanisa akatoa mafungu yote, mfululizo, bila kumeza mate. Ungemwona Celestine siku hiyo! Alikaa benchi la tatu, kitambaa kimesimama kichwani, na Amina zilipopigwa alizipokea kama zake. Akageuka taratibu kumtafuta Bochaberi, aliyekuja kuwasalimu siku hiyo. Bochaberi alikuwa akipiga makofi lakini uso hauchangamki. Celestine akambenulia mdomo ng'ambo ya kanisa, mbele za Mungu.

Agosti ikafika, na Ongeri naye.

Ongeri alistaafu zamani, lakini bado anatembea kana kwamba kuna kengele inamngoja aipige. Ana fimbo, ana kofia, ana kalamu mbili mfukoni ambazo hazina wino. Akiingia kwa mtu haulizi habari za watu, anauliza habari za paa. Alikuja Jumapili mchana na Bochaberi nyuma yake, na kwa kuwa Magwagwa hakuna siri, majirani kadhaa walikuwa wameshaegemea mlangoni, wote ati wamekuja kuazima kitu. Celestine alikuwa amefua mapazia. Kitabu cha nane kilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Kwenye meza hiyohiyo kulikuwa na sufuria ya uji na vikombe vya wageni.

"Haya," Ongeri akasema alipokwisha kukagua dari. "Mtoto yuko wapi?"

Lavender alitoka chumbani, gauni la Sabato, mikono nyuma.

"Shemeji, muulize popote," Celestine akasema. "Fungua ukurasa wowote."

Ongeri alifungua kitabu. Alipoona ni cha nane nyusi zilipanda. Akauliza kuhusu vitenzi, Lavender akajibu. Akauliza kuhusu ngeli, Lavender akazishusha moja baada ya nyingine na mifano yake, ileile ya kitabuni. Ongeri akafungua mbele, akafungua nyuma, akajaribu kumtega, wapi! Mtoto hakukwama hata mahali pamoja. Mlangoni watu walisema yaaye! Manasseh alisimama akakaa, akasimama tena. Celestine hakumtazama mtoto hata kidogo. Alikuwa anamtazama Bochaberi.

Ongeri akafunga kitabu, akavua miwani.

"Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote," akasema, "na sijaona kitu kama hiki. Mama Lavender, mbuya mono. Umefanya vizuri, vizuri kabisa."

Celestine akainamisha kichwa kwa heshima ambayo hakuwa nayo.

"Na kwa sababu hiyo," Ongeri akaendelea, "kumweka mtoto huyu hapa kati ya migomba ni dhambi. Amepona. Yuko gredi ya mbele kuliko umri wake. Shule inatafuta watoto kama hawa waiwakilishe. Mwezi ujao arudi bweni. Nitampigia mkurugenzi mwenyewe."

"Amina!" Manasseh akasema. Masikini, alifurahi kweli.

Tabasamu la Celestine lilikuwa bado usoni wakati maneno yalipomfikia. Alifungua mdomo aseme kitu, akakumbuka patano. Akageuka kumtazama mwanawe.

Lavender alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Ameziba kwa nguvu, macho yamemtoka, na hakuna sauti iliyotoka.

Celestine alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Miezi yote hiyo alikuwa anajenga ngazi, na sasa akaona mahali ngazi ilipoegemea, kwenye ukuta ule uliochorwa twiga. Angeweza kubishana. Angeweza kumtukana Ongeri, kofia, fimbo na kalamu zake, maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri sana. Lakini yasingesaidia. Mtoto mwerevu kiasi kile atarudi tu. Kulikuwa na njia moja, na ilikuwa inapita katikati ya aibu yake mwenyewe, mbele ya Bochaberi, mbele ya watu wa mlangoni.

"Shemeji," akasema, "mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui hata kimoja. Nimemkaririsha. Hicho kitabu amekimeza kama mafungu ya Sabato, na maana yake hajui. Hata mimi mwenyewe nusu yake sijui."

Mlangoni mtu alikohoa.

"Mama Lavender, acha unyenyekevu," Ongeri akasema.

"Unyenyekevu gani? Lini umeniona na unyenyekevu? Muulize kitu ambacho hakimo humo. Muulize amekula nini leo."

Ongeri alimgeukia mtoto, akacheka kidogo, kama mtu anayeombwa jambo jepesi mno. "Haya, Lavender. Umekula nini leo?"

Lavender hakuondoa kiganja.

"Sema tu, mtoto wangu. Ndizi? Ugali?"

Jasho lilianza kumtoka Lavender juu ya nyusi. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akatazama sakafu. Ongeri akasubiri. Manasseh akakaa chini taratibu, na safari hii hakusimama tena.

Celestine akapiga magoti. Watu walidhani anaomba. Kumbe ameinama chini ya meza, ameshika kile kitabu cha njano, anakivuta. Kilikuwa kimebanwa. Akavuta kwa nguvu, kikachomoka, meza ikalala upande, sufuria ikateleza, na uji wa wimbi ukamwagika juu ya kitabu cha nane, juu ya kitambaa cha kufuma, mpaka kwenye suruali ya mwalimu mkuu mstaafu.

"Obe!" Ongeri akaruka.

Celestine hakujali uji. Alikiweka kitabu cha nne mbele yake, kwenye ukingo wa meza uliobaki mkavu. Jalada lilikuwa na shimo la mviringo, alama ya mguu wa meza.

"Kitabu chake ni hiki," akasema. "Bochaberi aliniletea tangu mwanzo, nikakiweka chini ya meza. Mkimrudisha bweni atawekwa gredi ya saba, atapewa cha saba, na kibao shingoni. Nani kule atamfungulia kitabu cha nne? Niambie ni nani, nimpeleke mwenyewe kesho."

Ongeri alikuwa anajipangusa paja kwa leso. Alitazama kitabu, akatazama shimo, akaelewa, na alipoelewa alianza kucheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Alikuwa amepigwa na butwaa mbele ya watu na sasa anataka alipwe.

"Kwa hiyo, Mama Lavender, umekuwa ukifuga kasuku?"

Mlangoni wakaangua kicheko. Mtu akasema, "Kasuku wa gredi ya nane!" wakacheka zaidi. Hata Manasseh, shemasi wa watu, kicheko kilimponyoka puani. Miaka mingi ya kubenuliwa mdomo ilikuwa inatoka mara moja, kila mmoja na deni lake, na walicheka kwa raha ambayo Celestine aliijua vizuri kwa sababu ilikuwa yake.

Masikio yalimwaka moto. Midomo ilitaka kwenda upande, akaizuia.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Kasuku. Chekeni. Lakini asirudi."

Mmoja tu hakucheka, Bochaberi. Alikwenda akamwondoa Lavender kiganja mdomoni, polepole, akamshika mkono huo.

"Kaka," akasema, "mtoto hajapona. Mimi nitakuwa nakuja kila Jumapili."

Ongeri alivaa miwani. Alikohoa, cheo chake kikamrudia.

"Basi abaki. Lakini nasema hivi, na nisirudie. Kuanzia leo kitabu atachagua Bochaberi. Wewe kazi yako ni kuketi na mtoto na kunyamaza."

Kati ya adhabu zote duniani, hakuna aliyeweza kumtafutia Celestine iliyo kali kuliko hiyo. Alimtazama wifi yake. Alimeza mate, na mate hayo yalikuwa machungu.

"Nimesikia," akasema.

Wageni wakaondoka, wengine bado wanacheka njiani, unawasikia mpaka kwenye kona ya mti wa mparachichi. Manasseh akaenda kukamua. Celestine akapiga deki sebule yote, akatandaza kurasa za kitabu cha nane juani, akatafuta jiwe la bapa la kuweka chini ya mguu wa meza.

Aliporudi na jiwe, Lavender alikuwa ameketi na kile kitabu cha njano, ukurasa wa kwanza. Zoezi lilisema: Andika sentensi mbili kuhusu mama yako. Mtoto ameshika kalamu. Celestine aliketi kando yake kama alivyoamriwa, akanyamaza kama alivyoamriwa, na kunyamaza huko kulimtoa jasho kuliko kuchuma chai.

Lavender aliandika, akasimama, akaandika tena. Hakufunika karatasi kwa mkono. Alipomaliza aliisukuma mbele ya mama yake.

*Mama yangu huwacheka watu wote. Leo watu wamemcheka yeye, na mimi nimebaki nyumbani.*

Celestine alichukua kalamu nyekundu. Alisoma mara ya kwanza akitafuta kosa, akasoma mara ya pili akitafuta kosa, na hakuliona. Akairudisha kalamu mezani.